Msomaji Asiyenunua

Wasanifu wa majarida wa London na New York hufundishwa mapema kuilinda theluthi ya kushoto ya jalada. Huko jarida huuzwa rafuni, likiwa limelaliwa na jirani yake upande wa kulia, na kinachobaki kuonekana ni ukanda mwembamba wa kushoto. Ndiyo maana jina la jarida huanzia kushoto kabisa na maneno ya kumvuta mnunuzi hupangwa kandokando ya ukanda huo, huku uso wa msichana wa jalada ukiachiwa katikati. Kanuni hiyo imo vitabuni, imefika vyuoni kwetu, na inafuatwa kwa unyenyekevu na vijana wanaosanifu majarida Dar es Salaam, ambayo mengi yake hayatalala rafuni hata siku moja.

Meza ya magazeti ya hapa Tunduma, mpakani na Zambia, haina rafu. Ina ubao ulioinamishwa juu ya kreti za soda, au turubai lililotandikwa chini, na mawe ya kuzuia upepo usilipeleke gazeti la Mwanaspoti Nakonde, ng'ambo ya mpaka, bila kupitia forodha. Mwenye nafasi hufunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, akaning'iniza magazeti kwa vibanio vya nguo. Yale ya ubaoni hupangwa kwa ngazi, la mbele likililalia la nyuma yake, kila moja likionyesha jina, kichwa kikubwa cha habari na kipande cha picha. Kinachofichwa hapa ni sehemu ya chini. Kushoto na kulia kote ni peupe.

Ndiyo maana wahariri wetu, bila kufundishwa na kitabu chochote, walijifunza kujenga ghorofa juu ya jina la gazeti. Pale juu kabisa utakuta vijisanduku viwili vitatu: kichwa cha mchezaji kilichokatwa na kubandikwa, mstari mmoja wa siasa, mstari mmoja wa ndoa iliyovunjika, kila kimoja na alama yake ya “uk. 4” au “uk. 16”. Chini ya jina unapita mstari mwembamba wa toleo, tarehe, bei na ile namba ya ISSN ambayo kwa magazeti mengi ya Tanzania huanza na 0856 na ambayo sijawahi kumwona mtu akiisoma. Kisha kichwa kikubwa, herufi za njano zilizozungushiwa weusi juu ya wekundu. Msanifu aliyesomea nje huangalia vurugu hiyo akashika kichwa. Anataka nafasi tupu, anataka jalada lipumue. Lakini nafasi tupu ni anasa ya gazeti ambalo msomaji wake ameshaamua kulinunua.

Wa Tunduma hajaamua, na mara nyingi hataamua. Mji huu uliumbwa na kusubiri. Malori ya barabara ya TANZAM hupanda na mafuta na shehena za bandarini, hushuka na shaba ya Zambia na Katanga, na yote lazima yasimame hapa. Kabla Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu hawajazindua kituo cha pamoja cha mpakani, Oktoba 5, 2019, dereva angeweza kukaa siku kadhaa akingoja makaratasi. Kituo kimepunguza adha, lakini foleni haijasahau njia ya kurudi nyuma kuelekea Mpemba. Mtu anayesubiri huwa na macho yasiyo na kazi. Dereva, utingo, wakala wa forodha, mbadilisha fedha mwenye bunda la kwacha mkononi, bodaboda asiye na abiria, wote hupita mezani, wakasimama mikono nyuma kama wakaguzi wa gwaride, wakasoma safu ya kwanza hadi ya mwisho, wakaguna, wakabishana kidogo kuhusu Simba na Yanga, wakaondoka. Muuzaji huwaacha kwa sababu mkusanyiko huita mkusanyiko. Akichoka hutania: “Mzee, ukimaliza hiyo ya mbele nipe basi hata jero ya macho.” Mzee hucheka, hatoi jero.

Huwa tunamwita mtu huyo msomaji wa bure, tukimaanisha kuwa ni mwizi mdogo. Mimi namwona kuwa ndiye msomaji mkuu wa magazeti ya nchi hii, na hana ukurasa wa pili. Aliyoyaona mbele ndiyo gazeti lote kwake. Hela ya gazeti kwake ni hela ya chai na chapati, na hakuna usanifu utakaombadilisha hesabu hiyo asubuhi. Sheria zote za jalada tulizoazima zinachukulia kwamba jalada lipo ili mtu afungue ndani. Hapa kwetu lingepaswa kupimwa kwa swali jingine: asiyefungua ameondoka anaamini nini?

Turudi nyuma kidogo, maana kanuni za jalada hazikushuka kutoka mbinguni. Mambo Leo, gazeti la kila mwezi la idara ya elimu ya serikali ya Tanganyika, lilianza Dar es Salaam Januari 1923. Machi mwaka huohuo jarida la Time likatoka kwa mara ya kwanza New York. La kwetu lilipita mikononi mwa walimu na makarani, likasomwa kwa sauti kwa waliokaa kuzunguka. Halikuhitaji kumpigia kelele mpita njia. La kule lilipigania macho ya mpita njia, na mwaka 1927 likajizungushia ule mpaka mwekundu linaotambulika nao hadi leo. Sura moja, fremu nyekundu, jina juu. Mwalimu Nyerere aliwekwa ndani ya fremu hiyo katika toleo la Machi 13, 1964, wiki chache baada ya maasi ya jeshi la Tanganyika.

Sura moja inayomtazama msomaji machoni ndiyo kanuni iliyoenea kuliko zote, na hata hiyo iliwahi kurekebishwa na wasomaji wenyewe. Jarida la Drum lilipoanza Afrika Kusini mwaka 1951 lilikuwa na ngoma za kikabila, machifu na hadithi za kijijini, Mwafrika wa mawazo ya mzungu. Wasomaji wa mjini walilikataa. Walitaka jazi, ndondi, wacheza sinema, wasichana wa mjini wenye tabasamu. Mmiliki wake Jim Bailey na mhariri Anthony Sampson wakasikiliza, na jalada la Drum likageuka kuwa kioo cha mtu wa mjini. Baadaye likawa na toleo la Afrika Mashariki. Sisi nasi tulikuwa na sura zetu za kuchora: katika Sani, jarida la katuni lililopewa jina kutokana na waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, Ndumilakuwili wa Philip Ndunguru alifahamika na watu ambao wangepishana na mawaziri wasiwajue.

Richard Stolley, mhariri wa kwanza wa jarida la People la Marekani lililoanza 1974, alikuwa na kanuni yake maarufu ya nani wa kumweka mbele: kijana kuliko mzee, mrembo kuliko asiye mrembo, televisheni kuliko muziki, muziki kuliko sinema, sinema kuliko michezo, na chochote kile kuliko siasa. Baadaye ikaongezwa kwamba hakuna kinachouza kama staa aliyekufa karibuni. Hilo la mwisho tunalijua: anayekumbuka meza za magazeti za Aprili 2012, Steven Kanumba alipofariki, hahitaji kuambiwa. Ila siasa mwishoni? Mwekee Stolley meza pale Tunduma wiki ya kura za maoni za chama chochote, halafu uone ni gazeti gani limezungukwa. Na michezo anayoiweka karibu na mkia, kwetu ndiyo inayowalipa wahariri wengine mishahara.

Kwa kweli ukitaka kuona sanaa ya jalada iliyokomaa nchini, achana na majarida ya karatasi ya kung'aa, tazama magazeti ya michezo. Mhariri ana wateja wa aina mbili wasiopikika chungu kimoja, na wekundu ni wa mmoja, njano na kijani ni vya mwingine. Akiweka picha kubwa ya Simba, lazima Yanga ipate sanduku lisilo dogo sana wala lisilo la kejeli. Kesho yake mizani hugeuzwa. Usajili ukipamba moto, kila upande hupewa “kifaa” chake, macho ya wachezaji yakielekezwa ndani ya ukurasa wasije wakaonekana wanatazama gazeti la jirani. Rangi ya herufi huchaguliwa kwa tahadhari, kwani kichwa kinachoisifu Yanga kikiandikwa kwa wekundu mtupu kitazua maneno kijiweni. Hakuna aliyeandika kitabu juu ya ufundi huu. Ungestahili.

Sasa, nasema jalada ni gazeti zima kwa asiyenunua, na mtu wa Dar anaweza kudhani nazungumzia shida ya mkoani. Hapana, mikoani ndiko tulikotangulia. Magazeti mengi ya kitaifa huchapwa Dar es Salaam, na kutoka huko hadi hapa ni zaidi ya kilomita 900 za barabara, na mlima Kitonga katikati. Muda mrefu kabla karatasi haijafika mezani, redio imeshasoma vichwa. Kipindi cha kurasa za magazeti ni ibada ya asubuhi ya nchi hii: kwenye daladala, kwa mama ntilie, ndani ya kabini ya lori. Mwaka 2017 Harrison Mwakyembe, wakati huo Waziri wa Habari, alivielekeza vituo vya redio na televisheni viishie kwenye vichwa, visisome habari kwa undani. Wengi walilijadili agizo lile kama suala la uhuru au la biashara. Kwangu mimi lilikuwa na maana moja zaidi: kuanzia hapo, kilichokuwa kikitangazwa nchi nzima ni jalada peke yake.

Kisha ikaja simu. Usiku, kabla hujalala, kava la kesho limeshatua WhatsApp na Instagram, picha moja bila kurasa nyingine nyuma yake. Limesafiri hadi Tunduma, limevuka hadi Nakonde, huku karatasi bado iko kiwandani. Halina pa kufungua. Ukiligusa linakuwa kubwa, basi. Hata usanifu umeanza kuufuata mkondo huo: vichwa vinakuwa vifupi na herufi zinazidi kunenepa, kwa kuwa jalada sasa lazima lisomeke likiwa na ukubwa wa kiberiti. Wapo pia wanaotengeneza makava ya uongo, wakachukua jina la gazeti na rangi zake, wakaandika wanayotaka. Na wanafanikiwa kwa sababu hakuna anayetarajia kuona ukurasa wa tatu.

Hapo ndipo linapokuja suala la alama ya kuulizia.

Kila aliyewahi kukaa chumba cha habari anaijua kazi yake. Habari haijakamilika, wakili ana wasiwasi, muda wa kwenda mtamboni umefika: weka alama ya kuulizia. “Kigogo akwapua mabilioni?” Kisheria tumeuliza tu. Lakini katika Kiswahili swali la namna hiyo, lisipoanza na “je”, hutofautiana na kauli kwa kupandishwa sauti tu mwishoni. Maneno ni yaleyale, mpangilio ni uleule. Mtangazaji mwenye haraka, mwenye magazeti kumi na dakika tano, husoma kwa sauti moja iliyonyooka, na kinga yote ya wakili hudondoka hapohapo studioni. Aliye ndani ya lori amesikia kwamba kigogo amekwapua mabilioni. Ndugu yake na alama ya kuulizia ni zile nukta tatu, “anaswa na…”, ambazo humwachia mtu amalizie mwenyewe kwa kadiri ya ubaya wa mawazo yake. Mwanafamilia wa tatu ni picha jirani: kichwa kinachomhusu mtu asiyetajwa, na kando yake, bila hata mstari wa kutenganisha, uso wa mtu anayejulikana sana ambaye habari yake ni nyingine kabisa na iko ukurasa wa 7. Mhariri atakuapia kwamba ni habari mbili. Ukurasani ni moja.

Utetezi huwa ni uleule: “Soma ndani.” Na utetezi huo una baraka za sheria ya Kiingereza ambayo mawakili wetu hawaachi kuiazima. Mwaka 1995 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, iliamua kesi ya Anne Charleston na Ian Smith, waigizaji wa tamthilia ya Neighbours ya Australia, dhidi ya wachapishaji wa News of the World. Gazeti lilikuwa limechapa picha za nyuso zao zikiwa zimebandikwa kwenye miili ya watu katika mkao wa ngono, na kichwa cha habari cha kushtua juu yake. Maelezo ya chini yalisema wazi kwamba picha zile zilitungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, bila ridhaa yao. Majaji walikubali kwamba wapo watu wanaoishia kwenye kichwa na picha. Hata hivyo wakasema habari hupimwa ikiwa nzima, na anayesoma kichwa tu hawezi kuwa kipimo. Waigizaji wakashindwa.

Kwa London huenda hukumu hiyo ina mantiki, kwa kuwa inamfikiria mtu aliyelinunua gazeti, amekaa kwenye treni, amelifungua. Hata huko Lord Nicholls, mmoja wa majaji hao, aliacha mlango wazi: maneno ya kusafisha yakifichwa mbali, hasa kwenye ukurasa ambao msomaji lazima afunue kuufikia, gazeti linacheza na moto. Sasa lete angalizo hilo Tunduma. Kwetu maneno ya kusafisha huwa “uk. 3” karibu kila mara, ndiyo desturi yenyewe ya jalada letu. Na gazeti limebanwa kwa kibanio cha nguo. Msomaji wa kawaida ambaye sheria inamtafuta amesimama pale, mikono nyuma, na akijaribu kufunua ataulizwa kama ana hela.

Serikali, kwa upande wake, ilishaelewa siku nyingi kwamba jalada ndilo lenye nguvu. Juni 2017 gazeti la Mawio lilifungiwa miezi 24 baada ya kutoka na picha za marais wastaafu Benjamin Mkapa na Jakaya Kikwete ukurasa wa mbele, kwenye habari iliyowahusisha na mikataba ya madini. Sikubaliani na kufungia magazeti. Mwenye malalamiko aende mahakamani, na gazeti liendelee kutoka wakati kesi inasikilizwa. Ninachosema ni kwamba kama wakubwa wanahesabu nani amewekwa mbele na kwa ukubwa gani, wahariri hawawezi kutuambia sisi wengine kwamba cha mbele ni chambo tu na ukweli uko ndani.

Kuna waliojaribu njia nyingine. Femina Hip walitoa Fema kwa ajili ya vijana wa sekondari, na kuanzia 2003 Si Mchezo! kwa watu wa vijijini, yakigawiwa bure. Jarida la bure halina haja ya kumtega mtu. Nyuso za mbele zilikuwa za watu wa kawaida, muuza genge, mama wa kijijini, kijana mwenye virusi vya Ukimwi aliyekubali kutajwa, na kilichoahidiwa mbele kilikuwamo ndani. Utaniambia kwamba wale walikuwa na wafadhili, na magazeti yetu yana mishahara ya kulipa mwisho wa mwezi. Ni kweli, na sitarajii mhariri wa gazeti la udaku aige Si Mchezo!. Kelele ziendelee, njano juu ya wekundu iendelee, ghorofa juu ya jina lipandishwe hata mara mbili. Sina ugomvi na rangi. Ugomvi wangu ni na jalada linalosema kitu ambacho ukurasa wa tatu unakikana.

Dawa moja ni ya bei rahisi. Kabla kurasa hazijaenda mtamboni, apewe mlinzi wa getini lile kava peke yake, alisome kwa sauti kama mtangazaji wa redio, kisha aulizwe: hapo umeelewa nini? Kama alichoelewa hakimo ndani, kichwa kibadilishwe. Haihitaji chuo.

Dawa ya pili ni chungu zaidi, na ndiyo ninayoing'ang'ania. Tunapokosea mbele, tunasahihisha wapi? Sanduku dogo ukurasa wa pili au wa nne, herufi za kupekua kwa miwani, neno “Masahihisho” likiwa na aibu ya kuonekana. Dereva aliyesimama mezani Jumatatu akaondoka na jina la mtu kichwani, akalifikisha Nakonde, Kapiri Mposhi hadi Lubumbashi, masahihisho hayo hatayaona milele. Kosa lililochapwa mbele lisahihishwe mbele, nusu ya juu, mahali ambapo kibanio hakifiki na gazeti la jirani halilali, kwa herufi ambazo mtu ataziona akiwa amesimama.

Wahariri ninaowaambia hivi hunijibu kwamba hakuna atakayenunua gazeti lenye samahani ukurasa wa mbele. Lakini huyu tunayemwomba radhi tangu awali alikuwa hanunui.